Buyi Yenye Ilibaki na Kifuniko

Salomé alikuwa anaikala chini mu kasho, mugongo ku ukuta, kitunga tupu pa magoti. Bapolisi balitosha bintu byote byenye bilikuwa mu kitunga: sabuni, kitambala, mafuta ya kupakala, kamukasi ya kukata makucha. Kitunga yenyewe balimuachia. Hakuna muntu aliwaza kama kitunga inaweza kutorosha muntu.

Inspecteur Mwenze alivuta kiti, akaikala mbele ya bichuma.

— Mama Salomé, tuanze tena. Jana asubui ulifika kwa Mama Ève. Ulifanya nini?

— Nilimuosha. Nilimugeuza, nilimupakala mafuta. Kisha nilienda ku jiko ya inje, nikamupikia buyi.

— Buyi ya nini?

— Ya bunga ya mahindi na soja, chef. Sukari hapana. Mama iko na bugonjwa ya sukari, siwezi kusahau ile.

— Alikula?

— Alikatala.

— Na siku zingine, alikuwaka anakatala?

— Hata siku moya! Ile buyi anaipendaka, anafungulaka mudomo mbele kijiko haiyafika. Jana nilimuletea, akageuza uso ku ukuta, akavuta kitenge mupaka juu ya kichwa. Nilimubembeleza, hapana. Mudomo ngaa! Nikasema mu roho: mama amekasirika na muntu. Nikafunika buyi na sahani, nikaiacha pa kiti, nikaenda kufua mashuka nyuma ya nyumba, kwenye mayi ya mabati inaanguka. Mvula ilikuwa nguvu, hata sauti yako mwenyewe hausikie. Wakati nilirudia mu chumba, mama alikuwa na jasho mwili muzima, baridi sawa samaki, na hasikie kitu. Nikalia. Bantu bakakuya. Kisha njo banasema eti minyi nilitia sumu.

Blouse yake ilikuwa imelowana pa kifua. Mutoto yake ya kunyonya alibaki kwa jirani tangu jana. Mwenze aliona ile maziwa, akaangalia fasi ingine.

— Mu ile chumba uliingia kupitia wapi?

— Mulango ya nyuma, chef. Siye bamama ba kanisa, benye banaitaka ba kitunga, tunapitiaka nyuma.

Mwenze alitoka. Nathalie, polisi mwanamuke wa pa bureau, alikuwa anamungoja na telefone mu mukono.

— Chef, Komanda anasema dossier iende ku parke, kwa procureur, mbele ya mangaribi. Kama ule mama analala leo mu prison ya bakubwa, kumutosha kule haitakuwa mambo ya wiki moya.

— Na hopitali?

— Docteur alitelefona. Mama Ève alifungula macho. Ni serum ya sukari njo ilimurudisha. Anasema haiko sumu yenye alisomaka, ni sukari mu damu ilishuka mupaka chini. Lakini mama anakatala kula. Kila kijiko, anageuza uso ku ukuta. Na ule muntu, kama hakule, serum haitatosha.

— Kitu gani inashusha sukari vile?

— Docteur anasema insuline. Ao balimupiga sindano mara mbili, ao balimupiga na hakukula.

— Bamama ba kitunga habapigake sindano.

— Minyi pia nilimuambia vile.

— Sasa balimukamata Salomé juu ya buyi, na mugonjwa anakufa juu ya sindano.

— Njo vile, chef. Hauelewi?

— Sielewi kitu.

Nathalie alimuangalia kichwa mupaka miguu.

— Ulikunywa chai kwanza? Ao mama mukwe angali pa nyumba?

— Angali.

— Pole. Tangu alitoka Kabongo, siye njo tunapata faida. Chef anafika ku kazi mbele ya jogoo!

Polisi wa mulango alicheka mupaka akashika kofia. Mwenze alikamata pikipiki ya service, akaenda.

*

Nyumba ya Mama Ève ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyumba ya bantu ba kusoma. Bwana yake marehemu alikuwaka karani wa train, na mutoto yake Lise ni mwalimu. Lise njo alileta mashitaka. Alifungulia inspecteur mulango na macho mekundu.

— Mulishamupeleka ku parke?

— Bado. Nionyeshe nyumba, mwalimu.

Salon ilikuwa ndogo: biti, meza, saa ya ukuta. Chumba ya mama ilikuwa pale-pale, hakuna mulango kati, paka rido, kitambala ya kuning'inia. Muntu wa mu chumba alikuwa anasikia hata kijiko ya chai ya muntu wa mu salon. Mu chumba ile, kitanda, kiti, na mulango ya pili yenye inatokea nyuma, ku jiko.

Ku muguu ya meza ya salon, kuku mweupe alikuwa amefungwa na kamba.

— Na huyu kuku?

— Bageni ba juzi, Siku ya Mungu, njo balimuleta.

— Bageni gani?

— Mambo ya familia, chef. Haina kazi na bulozi ya ule mama.

Jirani moya yenye alikuwa anasimama pa dirisha aliitikia:

— Kuku mweupe mu nyumba ya mugonjwa! Minyi nilisema jana, nilisema!

— Ulisema nini? Mwenze aliuliza.

— Nilisema kuko kitu.

— Kitu gani?

— Aa, chef, kama ningalijua, ningalikuwa mu kazi yako.

Mwenze alirudi kwa Lise.

— Buyi iko wapi?

Lise aliangalia chini.

— Niliimwanga inje. Sikutaka muntu aiguse. Lakini kuku alikata kamba, akakimbilia pale, akakula yote.

— Huyu kuku?

— Huyu.

Bote batatu baliangalia kuku. Kuku alikuwa anachokora musumari ya meza, muzima kabisa, na macho ya kutafuta ingine.

— Mwalimu, Mwenze alisema, sumu yako iko na nguvu kidogo sana.

— Sasa juu ya nini mama alikatala? Mama yangu hawezi kusema tangu upande yake moya ilikufa. Muntu yenye hana mudomo anasema na uso. Aliona kitu, chef. Hata ku hopitali anaendelea kukatala, juu anaogopa!

Kuku alimaliza sumu, na mugonjwa alikuwa angali anakatala.

— Wewe ulikuwa wapi?

— Ku masomo. Ninatokaka mapema. Wa kwanza anakuya infirmier wa sindano wa Muganga Pa Mulango, bureau ya kutunza bagonjwa ku nyumba, kisha bamama ba kanisa. Ao bamama njo banatangulia, inategemea.

— Juu ya nini mulichukua batu ba namna mbili?

Lise aliikala.

— Kaka yangu wa Kolwezi njo analipa Muganga Pa Mulango. Anasema kitu ya bure ni kitu ya kuvunjika. Bale banakuya na pikipiki, blouse nyeupe, gants mu mikono. Banapiga sindano muzuri, hata alama haibake. Kisha banaenda. Hata "mama ulilala namna gani", hapana. Bamama ba kitunga banakuya wakati Mungu anapenda, na mavumbi ku miguu, lakini bakifika, banaikala. Banamuimbia, banamulisha polepole. Mama anacheka na upande yenye ilibaki. Minyi nilisema: bote bakuye.

— Banajuana?

— Habasalimiane, chef. Ba pikipiki banapitia mbele, bamama banapitia nyuma. Minyi nilichoka kubapatanisha.

Mwenze alitoka pa barza. Mchanga ya kiwanja ilikuwa na tutundu twa mvula ya jana, fasi yote. Pa kati, alama ya gurudumu ya pikipiki, ya ndani sana, ilianzia chini ya barza, ikaenda mupaka ku barabara. Aliinama, akaifuata. Akarudia, akatafuta ingine. Hakukuwa ingine. Ya kutoka ilikuwa, ya kuingia hapana.

— Mama balimupeleka ku hopitali na nini?

— Na gari ya mchungaji. Ilisimama ku barabara, tukamubeba.

— Nani alikuya hapa na pikipiki kisha mvula?

— Hakuna muntu.

— Na tangu jana mvula ilinyesha tena?

— Hapana.

Mwenze alisimama na vidole ku kidevu. Pikipiki iliingia mbele ya mvula, na mvula ikafuta njia yake. Ilitoka wakati udongo ulikuwa umelowana. Kwa ile, muntu aliikala pa hii nyumba mvula yote. Na Salomé, nyuma, na sauti ya mabati, hakumusikia.

— Mwalimu, bale ba pikipiki, banaikalaka?

— Banaikala namna gani? Chai yenyewe habakunywake!

*

Bureau ya Muganga Pa Mulango ilikuwa karibu na gare. Kuta zilipakwa rangi nyeupe, frigo ya dawa ilikuwa inalia na nguvu ya jua. Patron, Bwana Amédée, alikuwa na kola ya kunyooshwa na maneno ya kunyooshwa.

— Inspecteur, siye hatuko sadaka. Muntu analipa, anapata kazi. Infirmier anafika, anapima, anapiga, anaenda kwa mwingine yenye anangoja. Akiikala kwa moya kupiga masolo, mwingine atateseka. Bamama ba kitunga banaleta roho muzuri. Bon. Roho muzuri haipimake sukari.

— Jana kwa Mama Ève alienda nani?

— Jessé. Njo infirmier yangu wa muzuri kupita bote. Jessé! Kuya hapa.

Jessé aliingia. Kijana murefu, safi, na macho ya muntu yenye hakulala.

— Ulimupiga sindano Mama Ève?

— Ndiyo, chef.

— Mara ngapi?

— Mara moya. Naapa.

— Fasi gani?

— Ku mukono.

— Na kisha?

— Kisha nikaenda.

— Mbele ya mvula, ao kisha mvula?

Jessé aliangalia patron yake.

— Mbele.

— Mama alikuwa anageukia wapi?

— Anageukia…?

— Uso yake. Ilikuwa ku ukuta, ao kwako?

— Sijui, chef.

— Haujui? Ulipiga muntu sindano na haukumuona?

Bwana Amédée aliingia mu mazungumuzo mara moya:

— Infirmier yangu anaangalia mukono, haangalie uso! Ni kosa?

— Haiko kosa. Jessé, alikuwa amekula?

— Siye hatuulizake ile, Bwana Amédée alijibu mu nafasi yake. Ile ni kazi ya familia. Na minyi nilibakataza kusema na bamama ba kitunga. Siku mugonjwa anaharibika, batasema ni siye. Angalia sasa!

Mwenze alitoka na neno moya mu kichwa: Jessé alisema bongo, alidanganya juu ya mvula. Lakini muntu anaua mugonjwa na sindano, kisha anaikala pale kungoja mvula? Muuaji anaogopa mvula?

Alienda ku kanisa. Nyuma ya kanisa, bamama balikuwa banachambua maharagi. Mkubwa yao, Mama Marceline, hakusimama.

— Mulituma mutu wetu mu kasho, sasa munakuya kutuomba nini? Maharagi?

— Ninaomba ukweli, mama.

— Ukweli ni hii: siye hatupigake sindano. Hatugusake dawa. Tunaosha, tunalisha, tunaomba. Bale ba pikipiki balisema mbele ya bantu kama siye tuko na mikono ya uchafu. Bon. Tangu ile siku tunapitia nyuma.

— Kwa ile Salomé hakujua kama mama alishapigwa sindano?

— Angalijua namna gani? Muntu yenye anakuona uchafu, utamuuliza "baba, ulishapiga sindano"?

— Lakini mama, kisha sindano mugonjwa anapashwa kula.

— Angalikula! Siku zote anakulaka! Bale ba pesa banaua na mbio yao, chef. Andika ile.

— Na bale ba pesa banasema munaua na ujinga.

— Basi andika zote mbili, Mama Marceline alisema, akatupa maharagi moya mubaya pembeni. Kisha utafute yenye alikufa. Kwa siye, hakuna yenye alikufaka.

Ile ilikuwa kweli, na ilimuzungusha Mwenze kichwa zaidi. Sindano ilikuwa ya muzuri. Buyi ilikuwa ya muzuri. Sindano ilipita mulango ya mbele, buyi ikapita mulango ya nyuma, na kati yao mwanamuke muzee alifunga mudomo. Juu ya nini? Kama haiko sumu, haiko hasira, haiko sindano mbili, inabaki nini? Alijaribu kupanga mambo kutoka mwanzo, akapotea pa kitenge ya juu ya kichwa. Alijaribu kutoka mwisho, akapotea pale-pale.

*

Jua ilikuwa imesimama wakati njaa ilimukumbusha kwake. Alizima pikipiki ku barabara, akaisukuma polepole mupaka ku lupango ya kuzunguka nyumba. Pale akasimama. Nyuma ya nyumba, mama mukwe alikohoa, alama kama bado iko pale.

Bibi yake Julie alitoka mbio, mukono juu.

— Ngoja, baba Ariel! Mama bado anakula.

— Niingie tu ku salon…

— Ku salon! Na weye unajua akisikia hata viatu yako ataacha sahani. Jana uliingia bila kukohoa, hakugusa bukari tena mupaka asubui. Ngoja pale, nitakuletea kwa jirani.

Mwenze alingoja. Jua ilimupiga ku shingo. Muntu wa kinga alipita, anakanyaga pedale, akamusalimia na kicheko, sababu batu bote ba barabara balijua kama inspecteur iko na mama mukwe mu nyumba. Wakati Julie alirudia na sahani, alimukuta bwana yake anaangalia lupango sawa muntu yenye anasoma.

— Julie. Kuku mweupe, banapelekaka wapi?

— Kuku gani tena?

— Kuku mweupe. Muzima, na kamba ku muguu.

— Ku bukwe, weye! Ulisahau ile yenye bankambo, bazee ba kwenu, balileta kwetu siku balikuya kunibisha odi, kuniomba niolewe? Ilikuwa nyembamba, mama anaisemaka mupaka leo.

— Na tangu ile siku…

— Tangu ile siku mama yangu haweze kula mbele yako, na weye hauweze kumugusa. Jua imekuingia ku kichwa? Kula basi. Baba Ariel! Chakula!

Pikipiki ilikuwa imeshawaka.

*

Komanda alikatala kumutosha Salomé mu kasho, akapiga kelele, kisha akasema: saa moya, na Nathalie aende naye, na kama ule mama anatoroka, Nathalie mwenyewe ataingia mu kasho. Njo vile Salomé alifika ku hopitali na kitunga yake tupu, Nathalie pembeni. Ku jiko ya bagonjwa balimupa moto na bunga. Akapika buyi.

Mu kuluwari, barza murefu ya hopitali, pa benchi, chini ya dirisha ya chumba ya Mama Ève, Jessé alikuwa anaikala, kichwa mu mikono.

— Tangu wakati gani uko hapa? Mwenze alimuuliza.

— Tangu jana, chef. Ninaenda ku kazi, ninarudia. Nililala hapa. Siwezi kumuacha.

— Siku ya Mungu, bankambo yako balienda kwa nani na kuku mweupe?

Jessé aliinua kichwa.

— Kwa Mama Ève. Juu ya mutoto yake Cathy, yenye anasoma Lubumbashi.

— Kwa ile, Siku ya Mungu asubui ulikuwa infirmier. Mangaribi ukakuwa mukwe. Na jana ukaenda kumupiga sindano.

— Ningalifanya nini, chef? Kama nilisema kwa patron, angalimupa mutu mwingine, mutu wa mikono nguvu. Mama iko na ngozi ya karatasi. Nikasema: nitafanya na heshima. Nilibaki ku salon. Niliita na sauti ndogo. Mama alitosha mukono pembeni ya rido, ule muzima. Nikamupiga pale. Sikumuona uso, naapa.

— Njo juu ya ile haukujua anageukia wapi.

— Njo juu ya ile.

— Kisha mvula ikaanza.

— Ikaanza. Niliingiza pikipiki pa barza. Ningaliweza kuenda, niko na koti ya mvula. Lakini nikawaza: siku zote tunakimbia, sasa huyu ni mama yangu. Acha mara hii niikale karibu, sawa bale bamama banaikalaka. Nikaikala pa kiti, karibu na rido, mvula yote. Kila wakati nilikohoa kidogo, ajue kama hayuko yeye peke yake.

Mwenze alifunga macho kidogo.

— Kila wakati ulikohoa.

— Ndiyo, chef. Mvula ilifunika maneno yote, sikujua hata kama kuko muntu mu chumba na yeye. Nikasema analala.

— Juu ya nini ulidanganya mvula?

— Patron. Bale bagonjwa bengine balikuwa bananingoja. Kama anajua, kazi imeisha, na bila kazi, Cathy…

— Na sasa hivi, kutoka jana mupaka leo, unakohoa?

Jessé hakuelewa. Kisha akaelewa. Uso yake ilibadilika sawa mutu yenye amekanyaga mutoto.

— Mungu wangu. Njo minyi…

— Hapana kulia hapa, atakusikia. Pikipiki yako iko wapi?

— Chini ya hii dirisha.

— Anaijua sauti yake?

— Anaijua. Kila siku ilikuwa inamuamusha.

— Kamata ile pikipiki. Iwashe na nguvu, uende nayo mupaka ku gare. Usirudie mupaka nikuite.

Mwenze aliingia mu chumba. Lise alikuwa anasimama pa kichwa ya kitanda, docteur pa miguu. Mama Ève alikuwa anageukia ukuta, kitenge juu ya kichwa, kidogo sana sawa furushi. Wakati Lise aliona Salomé na sahani ya buyi, aliruka.

— Ule hapana! Chef, munamuleta tena amumalize?

— Mwalimu, simama pale. Kuku yako alikula, na iko muzima. Ngoja kidogo.

— Ningoje nini?

— Nyamaza tu, usikie.

Inje, pikipiki ililia. Ililia na nguvu chini ya dirisha, ikageuka, ikapita mbele ya mulango mukubwa, ikashika barabara ya gare. Lise aliangalia inspecteur, akaangalia docteur, na docteur akainua mabega. Sauti ilikuwa ndogo, ikakuwa ya mududu, ikaisha.

Kitenge ilitikisika.

Mukono muzima ya Mama Ève ilitoka, ikashika kitenge, ikaishusha polepole mupaka pa kidevu. Kichwa ikageuka. Macho yake ilienda ku dirisha kwanza. Ikaikala pale. Kisha ikapita kwa Lise, kwa docteur, kwa Nathalie na kofia yake ya polisi, na ikasimama kwa Salomé.

Akafungula mudomo.

Salomé alianguka pa magoti pembeni ya kitanda. Kijiko ya kwanza ilimwangika nusu. Ya pili iliingia muzima. Mama Ève alimeza, akafungula tena.

— Mukwe, Lise alisema na sauti ya chini. Alishika kinywa. Jessé! Ni Jessé alikuwa ku salon. Na minyi njo nilipokea ile kuku na mikono yangu. Minyi mwenyewe nilimufunga ku meza.

Lise alikuya pembeni ya Salomé, akapiga magoti pia, akamushikia sahani.

Nathalie alikuwa anapangusa macho na kofia.

— Chef, Komanda nitamuambia nini?

— Umuambie dossier ya sumu imeisha. Na tuma pikipiki ya service kwa jirani ya Salomé, balete mutoto mbele ya kila kitu.

Salomé alisimamisha kijiko. Alimuangalia docteur na haya, sawa muntu yenye anabisha ku mulango yenye hakupitiaka.

— Docteur, samahani. Sindano ya leo, mulishamupiga?

— Bado, mama. Nilikuwa nangojea akule kwanza. Na weye, mu ile buyi mulitia nini?

— Mahindi na soja. Chumvi kidogo.

— Sukari?

— Hapana.

— Muzuri. Alikula bijiko ngapi?

Salomé alifungula kinywa kujibu, lakini Mama Ève alimupiga kidogo ku mukono na vidole. Alikuwa anangoja kijiko.